Mashine Iliyolishwa Nyasi

Kichujio hakikunuka tangawizi.

Naetwe Mgonja alikivuta nje ya mashine, akakinusa, kisha akakinusa tena, maana mara ya kwanza alidhani mafua yamemrudia. Wapi! Miaka kumi na saba alikuwa fundi wa mashine za kukausha, na kichujio cha tangawizi alikijua hata akifumba macho. Huwa cha manjano, kinanata vidoleni, na ukikisogeza mno puani machozi yanakutoka. Hiki kilikuwa safi. Pembeni kilikuwa na vumbi la kijani, na katika mikunjo yake zilikuwa zimeganda mbegu za nyasi.

Nje ya kibanda akina mama wa Ikongwe walikuwa wakipiga vigelegele. Walikuwa na haki. Asubuhi ile Naetwe alikuwa amepanda mlima na habari ambayo hakuna kijiji katika safu nzima ya Upare kilichowahi kuletewa: Ikongwe ipewe mashine ya pili. Hawakuwa wameomba. Mgawanyo, ule mfumo wa Korogwe unaogawa mashine kwa vijiji, ndio uliokuwa umepiga hesabu zake ukaona kwamba mashine yao moja inafanya kazi kupita kiasi, haipumziki hata siku moja, basi wakaongezewa. Kazi ya Naetwe ilikuwa ndogo tu: apime mahali pa kujengea msingi, ahudumie mashine ya zamani, atie muhuri wake, ateremke. Mchana angekuwa ameshafika nyumbani.

Na kama angekuwa fundi mvivu, angekipangusa kile kichujio akakirudisha, na hadithi hii isingekuwepo.

Mashine ile haikuwa na moto. Ilivuta hewa, ikainyang'anya unyevu wake, ikaipitisha juu ya trei za tangawizi iliyokatwa vipande. Hewa ikarudi imebeba maji ya tangawizi, ikanyang'anywa tena. Maji yakadondokea kwenye tangi la chini, na hapo ndipo palipopimwa kazi yote. Kiwanda kilichoiunda hakikuuza mashine, kiliuza ukavu. Kila lita iliyotoka kwenye zao la mkulima ilikuwa ndiyo huduma, na chuma chenyewe kilibaki mali ya Kiwanda mpaka siku kitakapoyeyushwa.

Dunia nzima ilikuwa imeshageuka hivyo tangu ipitishwe Sheria ya Mwenye Kuunda. Aliyeunda kitu hawezi kukikana. Kikifa, maiti inarudi mlangoni kwake. Zamani viwanda vilitengeneza vitu vife upesi ili mtu anunue vingine, na mabonde yakajaa vyuma vibovu. Sheria ilipoanza kuuma, wenye viwanda wakaacha kuuza vitu, wakauza kazi ya vitu. Hospitali ikanunua baridi, haikununua jokofu. Fundi nguo akanunua mshono. Na kwa kuwa chuma kimekuwa chao, wakaanza kukitunza kama mboni ya jicho. Mashine ya Ikongwe ilikuwa imeundwa iishi miaka sitini, na peke yake ilikausha tangawizi ambayo zamani ingehitaji matanuri arobaini.

Arobaini ya kuni, tafadhali. Hilo watu wa Ikongwe hawakulisahau. Juu ya kijiji, pale ambapo miaka kumi na miwili iliyopita palikuwa na visiki na udongo mwekundu, sasa palikuwa na msitu mchanga ulioanza kufunga kivuli, na mto uliokuwa umekauka ulikuwa umeanza tena kutiririka.

Kwa hiyo mashine waliipenda, lakini kwa adabu. Waliiita Mkwe. Si wako, amekuja kwako kwa heshima, na akikaa kwako na njaa, ataondoka na aibu itabaki nawe.

Naetwe alitoa kichwa nje ya kibanda. "Mama Nakiete! Njoo humu mara moja. Peke yako."

Bi Nakiete Mrutu, mwenyekiti wa kamati ya mashine, aliingia akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Naetwe alimwonyesha kichujio.

"Mama, msimu huu mashine imekula nini?"

"Tangawizi."

"Na siku ambazo hapakuwa na tangawizi?"

"Nyasi," Bi Nakiete akasema, bila kubabaika hata kidogo.

Naetwe aliweka kichujio chini taratibu. "Nyasi."

"Siku za misiba. Sasa tungemlisha nini, mwanangu? Mawe?"

Ikabidi Bi Nakiete aeleze, naye akaeleza kama anavyoelezwa mgeni asiyejua pa kutawadha. Ikongwe, mtu akifa, jembe haligusi udongo siku saba. Hakuna kulima, hakuna kung'oa, hakuna kukata zao. Kijiji kizima kinakaa matanga. Ndivyo walivyokuta kwa bibi zao, na bibi zao kwa bibi zao. Ila majani ya ng'ombe hukatwa, tena hukatwa siku hiyohiyo ya mazishi, kwa sababu mnyama halali njaa kwa ajili ya msiba wa mwenye boma. Hana kosa, hajui nani amekufa. Na msimu huu mauti yalikuwa yamewaandama. Watu wanne kati ya mvua na mvua. Siku ishirini na nane.

"Tukakaa tukafikiri," Bi Nakiete alisema. "Mkwe si mtu, hawezi kukaa matanga. Basi ni mnyama. Na mnyama tunajua sheria yake. Tukakata nyasi, tukazichovya kwenye ndiva, tukampa." Alionyesha kwa kidevu lile bwawa la kijiji, lililochimbwa na mababu kwa ajili ya mashamba yote. "Nyasi kavu angepata nini humo?"

Naetwe alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kisha kikakatika. Akaona mbele ya macho yake akina mama wa matanga, vitambaa vyeusi vichwani, wakipanga nyasi zilizolowa kwenye trei kwa heshima zote, na mashine ikinyonya maji ya ndiva siku saba mfululizo, usiku na mchana, ikiandika lita baada ya lita, ikituma Korogwe. Na kule Korogwe Mgawanyo ukisoma na kushangaa: ajabu hawa watu wa Ikongwe, hawapumziki!

"Mama, mlijua kwamba hesabu inatoka hapo?"

Bi Nakiete alitazama pembeni. "Nisikufiche. Kidogo tulijua. Tulisikia kwamba anayekaa tupu sana anahamishwa. Lakini hatukumwibia mtu. Nyasi zetu, maji yetu."

"Unajua hiyo mashine ya pili inatoka wapi?"

"Si Kiwandani?"

"Kiwandani hawaundi mpya, mama. Wakiunda mpya kila anayeomba, tunarudi kulekule kwa kuchimba milima kutafuta shaba. Kila msimu Mgawanyo unapanga mashine zote kwa foleni, kuanzia iliyofanya kazi sana mpaka iliyofanya kazi kidogo. Ya mwisho inang'olewa, inapelekwa panapohitajika zaidi. Ya mwisho msimu huu ni ya Kwemshai."

Kwemshai ilikuwa ng'ambo, katika milima ya Usambara. Bi Nakiete hakuwahi kufika, lakini tangawizi yao aliijua, maana walikutana nayo sokoni. Masika barabara yao ilikatwa na maporomoko, wakabaki wiki tatu bila kuvuna.

"Na bila nyasi," akauliza polepole, "wa mwisho angekuwa nani?"

"Nyinyi," Naetwe akasema.

* * *

Alimpigia Mhandisi Shekalaghe akiwa amekaa kwenye ukuta wa ndiva. Shekalaghe ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi wote kule Korogwe, mtu wa taratibu, si mtu mbaya. Ningependa kuwaambia alikuwa mbaya, hadithi ingekuwa rahisi.

"Kaka, nina swali. Tuseme kuna kijiji ambacho mashine yake ilikaa tupu siku ishirini na nane kwa sababu ya misiba..."

"Naetwe." Sauti ya Shekalaghe ilishuka. "Usinipe mafumbo. Ukiniambia, nitakuwa nimejua."

"Basi niambie tu kuhusu fomu. Sababu za siku tupu ziko tatu: ubovu, ukosefu wa mazao, uzembe. Msiba unaandikwa wapi?"

"Hauandikwi. Kila mahali watu wanakufa, dada yangu. Tukianza kusamehe misiba, tutasamehe na harusi na jando."

"Nikiandika ubovu?"

"Ukiandika ubovu, lawama inakuwa yetu, na kijiji kinatolewa kwenye foleni msimu huo. Kinapona. Halafu aliye juu yake kidogo ndiye anakuwa wa mwisho. Ukiandika ukosefu wa mazao unasema ardhi yao imechoka, hapo wanaondolewa moja kwa moja, hawarudishiwi tena. Mimi nimeshaupindua mfumo huu kila upande, Naetwe. Huruma yoyote utakayoitia hapa inatokea kule kama pigo."

"Na msitu je? Wakinyang'anywa mashine, watawasha matanuri. Miti haimo kwenye hesabu?"

"Tunapima kazi ya mashine. Mti ambao haukukatwa hauna namba. Najua unachotaka kusema. Lakini mashine inayolala ni shaba iliyochimbwa bure, na mahali ilipochimbwa napo palikuwa na msitu. Foleni hii imetuwezesha kukausha mara nne ya zamani bila kuunda mashine mpya miaka tisa. Ni nani ataniambia nilikosea?"

Hakukosea, hapo ndipo palipouma. Naetwe aliwahi kung'oa mashine ya kijiji cha Chanjale kwa mikono yake, akaikunja trei kwa trei, akaondoka akiwa ameridhika kwamba kazi imefanyika. Misimu miwili baadaye alipita tena. Mlima wote ulikuwa uchi. Wanawake walikuwa wakiteremka mbali mno kutafuta maji, na mmoja alimtambua akamsalimia vizuri, na salamu ile ilimtesa kuliko tusi. Tangu siku hiyo aliogopa neno "kuhamisha". Na sasa hapa alipokaa, akinyamaza, Kwemshai inakuwa Chanjale. Akisema, Ikongwe inakuwa Chanjale. Kwa vyovyote mkono wake umo.

"Utatia muhuri leo?" Shekalaghe aliuliza.

"Leo."

* * *

Aliamua awaambie watu kabla ya kuandika chochote. Haikuwa lazima, taratibu hazikumtaka. Lakini kumng'oa mtu ukucha bila kumwambia ni uchawi.

Walikusanyika mbele ya kibanda, wapatao mia na zaidi, bado wengine wakiwa na nyuso za sherehe. Naetwe aliwaeleza yote: nyasi, foleni, Kwemshai. Nyuma yao, chini ya turubai, yalikuwa magunia mia tatu ya tangawizi mbichi ya wiki ile, yakisubiri zamu.

Senzota Mbwambo ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, aliyekonda msimu ule mmoja kuliko miaka kumi iliyotangulia. Maiti ya tatu kati ya zile nne ilikuwa ya mkewe.

"Marehemu baba yangu alikataa mashine hii," alisema. "Alituambia, nguo ya kuazima haisitiri matako. Tukamcheka. Haya, leo tuko hadharani, kila mtu ajitazame." Wachache waliguna. Akamgeukia Naetwe, na sauti ikalainika. "Fundi, dada yetu. Hizo siku unazoziita tupu, saba kati ya hizo nilikuwa namlilia Nietiwe. Zingeandikwa nini?"

Naetwe alitaka kudanganya. "Uzembe," akasema. "Ndilo neno lililobaki."

Minong'ono ikapanda. Mama mmoja akasema, "Mungu wangu," akakaa chini.

"Uzembe," Senzota akarudia. "Kumzika mke wangu. Basi usiandike. Hatukuambii useme uongo, nyamaza tu. Hukuona kichujio. Ulikuja, ukapima, ukashuka. Watu wa Kwemshai wana Mungu wao na sisi tuna wetu. Muhuri ni wako, fundi. Nakuomba. Nakupigia magoti, mbele ya watu hawa." Na kweli akapiga magoti, mtu mzima yule, udongoni.

Jamani, kuna mambo mtu hatakiwi kufanyiwa. Naetwe alimshika mkono amwinue, Senzota akakataa kuinuka. Naetwe akamtazama Bi Nakiete, akitafuta msaada, neno lolote, hata tusi. Bi Nakiete alikuwa amekunja mikono kifuani, anaangalia chini.

"Mama, sema kitu."

"Niseme nini?" Bi Nakiete alijibu. "Nikisema andika, nimewaua wanangu. Nikisema usiandike, nimewaua wana wa mwingine. Mimi nililisha nyasi, kosa langu ninalo na linanitosha. La kwako ubebe mwenyewe."

Naetwe aliingia kibandani akafunga mlango.

Fomu ilikuwa inamngoja kwenye kioo cha mashine. Alisimama mbele yake muda mrefu kiasi kwamba kioo kilizimika mara mbili na mara mbili akakigusa kiwake. Aliwafikiria watu wa Kwemshai, ambao wakati ule huenda walikuwa wanacheka, wanapika, hawajui kwamba kuna mwanamke kwenye mlima mwingine ameshika msitu wao mkononi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo kumpigia magoti. Hilo ndilo lililomwamulia. Hakuona haki ya mtu kupotea kwa sababu yuko mbali na macho.

Akaandika: siku tupu ishirini na nane. Akaandika sababu. Akalibonyeza lile neno, akatia muhuri. Kisha akalia, kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.

Mgawanyo haukuhitaji hata dakika. Kwemshai ilipanda nafasi moja. Msingi wa mashine ya pili ulifutwa. Chini yake ukaja mstari mfupi: mashine ya Ikongwe ihamishwe, ndege ya mzigo itafika siku ya tatu, huduma ikome sasa. Na Mkwe akanyamaza. Miaka kumi na miwili watu wale walikuwa wameishi na muungurumo wake wa chinichini hata wakaacha kuusikia, na ulipokatika kila mtu pale nje aligeuza kichwa.

Naetwe alipotoka hakuhitaji kutangaza. Senzota alikuwa ameshasimama, magoti yake mekundu kwa udongo. Alimpita bila kumtazama, akaenda kwenye magunia, akafungua moja, akachukua kipande cha tangawizi, akakivunja. Kilikuwa na maji tele.

"Siku kumi," alisema, hakumwambia mtu. "Ikizidi hapo inaoza."

Watu walianza kuyahesabu magunia, na kila aliyehesabu aliishia kuangalia juu, mlimani. Hakuna aliyelitaja neno kuni. Halafu Bi Nakiete akamjia Naetwe, shoka mkononi, la mpini mpya, ambalo bila shaka lilikuwa la kuchongea tu nguzo za zizi.

"Twende, mwanangu."

"Twende wapi?"

"Siku msitu ulipoanza kuota, kila mtu wa Ikongwe aliapa. Tulichinja kondoo, tukaapa, wazee kwa watoto, kwamba hakuna mkono wa hapa utakaokuwa wa kwanza kukata. Wa kwanza. Baada ya wa kwanza, kiapo kimeshavunjika, hao wengine watakata tu, maana watoto hawali kiapo." Sauti yake haikuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama ingekuwa nayo. "Wewe hukuapa. Tuchagulie mti, uukate. Hilo utufanyie, ndipo ushuke."

Naetwe angeweza kukataa. Gari lake lilikuwa pale chini, na hakuna sheria ya Kiwanda wala ya Serikali iliyomtaka fundi akate mti. Alilitazama shoka, akawatazama wale watu ambao hata sasa walikuwa wanatafuta namna ya kufanya jambo baya kwa njia iliyo halali, akavua koti lake la kazi, akaliweka juu ya magunia.

Walipanda naye kimyakimya. Msituni kulikuwa na baridi na harufu ya majani yaliyooza, na mto ulisikika chini bondeni. Alipita kati ya miti michanga ya mikulo, minene kama paja la mtu, akiigusa mmoja mmoja. Akautafuta uliopinda, au ulioliwa na wadudu, mti ambao kifo chake kingekuwa na sababu. Haukuwepo. Yote ilikuwa mizima. Mwisho akasimama mbele ya mmoja, kwa sababu tu miguu yake ilikataa kuendelea.

"Huu?" Senzota aliuliza.

"Huu."

Hakuwahi kukata mti maishani mwake. Pigo la kwanza liliteleza kwenye gome, shoka likamponyoka nusura limpate mguuni, na hakuna aliyecheka. Bi Nakiete alisogea karibu. Bila kuligusa shoka, akamwonyesha pa kuweka miguu, pa kushika mpini, na upande gani mti utaangukia. Kisha akarudi nyuma akasimama na wenzake, na Naetwe akaanza upya.